Kutofautisha makundi ya ngisi kwa mdomo, statolithi na gladiusi: mwongozo kamili wa hatua kwa hatua

Kazi hii hukwama mahali pamoja karibu kila mara. Mtu anapima midomo ya ngisi kutoka maeneo mawili, anaingiza namba kwenye kompyuta, programu inamwambia kwamba zaidi ya asilimia 90 ya ngisi wametambuliwa walikotoka, naye anaamini amegundua makundi mawili, yaani ngisi wa spishi moja wanaoishi mbalimbali bila kuchanganyika sana. Kumbe ngisi wa eneo la kwanza walikuwa wakubwa na wa eneo la pili wadogo, au upande mmoja ulijaa majike na mwingine madume. Programu imetenganisha ukubwa na jinsia. Swali la makundi bado halijaguswa.

Hatua zilizo hapa chini zimepangwa ili ukubwa, jinsia na msimu wa kuanguliwa viwekwe kando kwanza, halafu ndipo tofauti za maeneo zisomwe. Zinahusu ngisi wa spishi moja. Kama huna hakika kwamba ngisi wako wote ni spishi moja, hilo litatuliwe kabla ya kugusa kalipa, kwa sababu spishi mbili zilizochanganyika zitakupa matokeo ya kupendeza na ya bure kabisa.

## Sehemu ngumu zipi, na kila moja ina kazi gani

Mdomo una vipande viwili, cha juu na cha chini, vilivyojengwa kwa kitini na protini. Umekaa kama wa kasuku aliyegeuzwa: kipande cha juu huingia ndani ya kile cha chini. Ni mgumu, hauozi haraka wala kumeng'enywa kirahisi, na unapimika hata kwa kalipa ya mkononi. Anza na huu.

Statolithi ni vijiwe viwili vya kalsiamu kaboneti, katika umbo la aragoniti, vilivyo ndani ya gegedu la kichwa, ambavyo humsaidia ngisi kuhisi mwelekeo na mwendo wake. Kwa spishi nyingi urefu wake haufiki milimita 2. Faida yake kubwa ni pete zinazojengwa siku hadi siku. Kwa spishi kadhaa, majaribio ya kuwatia ngisi hai alama ya kemikali yamethibitisha kwamba pete moja ni siku moja. Hivyo kijiwe kinakupa umbo na umri kwa pamoja.

Gladiusi ni ule uti mwembamba, mwangavu, wa kitini, unaopita mgongoni ndani ya kiwiliwili. Hujikunja ukikauka na huchanika ovyo, kwa hiyo watu wengi huuacha. Lakini kwa spishi fulani ndio wenye jibu. *Sthenoteuthis oualaniensis*, kwa mfano, ana maumbo ya ukubwa wa kati yanayotenganishwa kwa kuangalia kama mihimili ya pembeni ya gladiusi ni ya mstari mmoja au miwili.

Ukiwa na muda wa kufanya vyote vitatu, fanya. Ukiwa na muda wa viwili, chukua mdomo kwa ajili ya umbo na statolithi kwa ajili ya umri.

## Vifaa

- Kalipa ya dijitali inayosoma hadi milimita 0.01
- Hadubini ya kupasulia yenye kamera, na kipande cha kioo chenye skeli ya mikromita
- Vibano viwili vyenye ncha nyembamba, kimoja cha ncha iliyopinda
- Kisu cha upasuaji chenye nyembe za kubadilisha, na mkasi mdogo
- Mswaki laini wa mtoto
- Ethanoli ya asilimia 70 hadi 75 kwa midomo na gladiusi, ya asilimia 96 kwa statolithi
- Maji yaliyochujwa kwa mvuke
- Vichupa vyenye vifuniko, na lebo za karatasi isiyoyeyuka zilizoandikwa kwa penseli
- Visahani vya kioo, karatasi nyeusi na taa ya kumulika kutoka ubavuni
- Kwa kusoma umri: vioo vya hadubini, gundi inayoyeyuka kwa joto, msasa wa maji wa namba 1000 hadi 2500, unga wa alumina wa mikromita 0.05, na hadubini inayokuza mara 400
- Kompyuta yenye programu ya R, ambayo ni ya bure

Fomalini isikaribie kazi hii. Ikiwa na asidi, hata kidogo, huila statolithi hadi ikabaki unga au isibaki kabisa. Ukipewa ngisi waliokwisha kuhifadhiwa kwa fomalini, sahau vijiwe vyao ubaki na midomo. Ethanoli nayo inashika moto: itumie mahali penye hewa, mbali na jiko.

## Hatua ya 1: Panga sampuli kabla ya kwenda kuzichukua

Hapa ndipo kazi nyingi hufa, na hakuna hesabu itakayozifufua baadaye.

Ngisi wengi huishi karibu mwaka mmoja tu. Waliopatikana mwezi wa tatu na waliopatikana mwezi wa kumi katika eneo lile lile wanaweza kuwa marika tofauti kabisa, waliokulia kwenye maji ya joto tofauti na chakula tofauti. Ukichukua eneo A mwezi wa tatu na eneo B mwezi wa kumi, umefunga eneo na msimu katika fundo moja, na fundo hilo halifunguki.

Kwa hiyo:

1. Chukua maeneo yote ndani ya dirisha moja la muda, wiki chache ikiwezekana.
2. Tumia zana ile ile ya uvuvi. Ndoano na nyavu huchagua ukubwa tofauti.
3. Hakikisha ukubwa unapishana. Eneo A likiwa na ngisi wa milimita 150 hadi 200 na eneo B wa milimita 260 hadi 320, huna cha kulinganisha.
4. Lenga angalau ngisi 50 wenye midomo mizima kwa kila jinsia, kwa kila eneo. Kiwango cha chini ni mara tatu ya idadi ya vipimo utakavyotumia: vipimo 12, basi ngisi 36 katika kundi lililo dogo kuliko yote. Kwa kuwa baadhi ya midomo itavunjika, 50 si anasa.
5. Ukiweza, rudia mwaka unaofuata.

Dalili kwamba umefaulu: ukichora grafu ya urefu wa kiwiliwili kwa kila eneo, majike na madume mbalimbali, vilima vinafunikana kwa sehemu kubwa.

## Hatua ya 2: Andika kila kitu kabla ya kukata

Mpe kila ngisi namba moja, na namba hiyo ifuate kila kipande chake. Andika tarehe, latitudo na longitudo, zana, uzito, jinsia, hatua ya ukomavu, na urefu wa kiwiliwili katika milimita: kutoka ncha ya mbele ya mgongo hadi ncha ya mkia, ngisi akiwa amelazwa bila kuvutwa.

Nyama ya ngisi hubadilika urefu ikigandishwa na kuyeyushwa. Kama baadhi walipimwa wabichi na wengine baada ya kutoka kwenye friza, urefu huo haulinganishiki, na ndio utakaobeba hesabu ya hatua ya 9. Wote wabichi, au wote walioyeyushwa. Walioganda wayeyushe polepole ndani ya jokofu, kwa maana maji ya moto hulegeza nyama ya kichwa na statolithi hupotea humo.

## Hatua ya 3: Toa mdomo

1. Panua mikono na minyiri. Katikati utaona kibonge cha misuli chenye ncha nyeusi.
2. Kata kukizunguka kibonge kwa mkasi, mbali na ncha, ukitoe kizima.
3. Kiweke kwenye maji safi kwa saa kadhaa ndani ya jokofu hadi misuli ilegee.
4. Shika kipande cha juu kwa kibano, ukivute taratibu kutoka ndani ya kile cha chini. Kikigoma, usilazimishe. Kirudishe kwenye maji.
5. Sugua mabaki kwa mswaki laini kutoka ncha kuelekea nyuma. Kinyume chake kinachana kingo.
6. Weka vipande vyote viwili kwenye kichupa kimoja chenye ethanoli ya asilimia 70 hadi 75, pamoja na lebo *ndani*. Lebo ya nje hufutika.

Usichemshe, wala usikaushe. Mdomo mkavu hujikunja, hasa kingo za nyuma ambazo hazijawa nyeusi, na unaweza kupasuka. Ukikaushwa kwa eneo moja tu, utapata "tofauti ya makundi" iliyotengenezwa na feni.

Angalia ncha. Kwa kuwa ngisi huuma na kukata kwayo, huchakaa na wakati mwingine hukatika. Ncha iliyokatika iandikwe, na kila kipimo kinachoanzia hapo kiachwe wazi. Kukadiria ilikoishia ni kubuni data.

Dalili ya kufaulu: unaona kingo zote, hata zile angavu za nyuma, na hakuna uzi wa nyama.

## Hatua ya 4: Toa statolithi

1. Mlaze ngisi chali. Kata uondoe mrija wa kutolea maji ili uso wa chini wa kichwa uonekane.
2. Safisha misuli hadi ukutane na gegedu, nyuma ya macho. Kwenye gegedu safi utaona vidoa viwili vyeupe sambamba. Ndivyo vyenyewe.
3. Kata gegedu kwa vipande vyembamba kutoka mbele kwenda nyuma, kidogo kidogo, mpaka chumba kifunguke. Mkato mmoja mkubwa humpasua ngisi na kijiwe chake.
4. Chukua kijiwe kwa kibano kilichopinda bila kukibana. Kibebe kwa tone la maji likiwezekana.
5. Suuza kwa maji yaliyochujwa na uweke kwenye ethanoli ya asilimia 96.

Weka cha kulia na cha kushoto mbalimbali tangu mwanzo. Kwa umbo utatumia upande mmoja kwa ngisi wote, na upande wa pili utausaga kwa ajili ya umri. Kama cha kulia kimevunjika unaweza kutumia picha ya kushoto iliyogeuzwa kama kwenye kioo, lakini baada tu ya kuthibitisha, kwa ngisi 30 hivi wenye vyote viwili, kwamba pande hazitofautiani.

Ngisi wa kwanza watakupotezea vijiwe. Jifunzie kwa ngisi wasiohitajika.

## Hatua ya 5: Toa gladiusi, kama unaihitaji

Chana ngozi ya mgongoni kufuata mstari wa katikati, legeza pande zote mbili kwa mpini wa kisu, kisha itelezeshe kuelekea mbele. Kwa spishi ambazo nyuma yake huishia kwenye koni ndogo, koni ndiyo hubaki nyamani, basi fuata hadi mwisho kabla ya kuvuta. Iweke kwenye ethanoli ikiwa imenyooka. Wakati wa kupima ilaze kwenye kioo ikiwa bado na unyevu, kioo cha pili juu yake. Pima urefu wote, upana mkubwa wa bapa, upana wa mhimili wa kati ukingoni mwa mbele, na urefu wa koni.

## Hatua ya 6: Pima

### Mdomo: vipimo sita mara mbili

Chukua vipimo sita kwa kipande cha juu (J1 hadi J6) na sita hivyo hivyo kwa cha chini (C1 hadi C6):

1. Urefu wa kofia (bamba la mbele linalofunika juu): kutoka ncha hadi ukingo wa nyuma wa kofia, katikati.
2. Urefu wa shungi (mgongo ambapo kuta mbili za ubavu hukutana): kutoka ncha hadi mwisho wa nyuma wa shungi, mstari ulionyooka bila kufuata mpindo.
3. Urefu wa ncha: kutoka ncha hadi pembe ya taya, pale makali yanapokutana na bawa (upande wa kofia unaoshuka chini).
4. Upana wa ncha: kati ya pembe mbili za taya.
5. Urefu wa ukuta wa ubavu: kutoka pembe ya taya hadi kona ya nyuma kabisa ya ukuta.
6. Urefu wa bawa: kutoka pembe ya taya hadi mwisho wa bawa.

Ukuta wa ubavu hupimwa kwa namna zaidi ya moja, na hapo ndipo wapimaji wawili huachana bila kujua. Ichoreni picha, mweke nukta mbili kwenye kila kipimo, na ibandikwe mbele ya meza.

Mdomo upimwe ukiwa na unyevu. Kwa ngisi wadogo ambao nyuma ya mdomo haina rangi, utumbukize kwenye maji juu ya karatasi nyeusi na umulike kutoka ubavuni. Ukingo usioonekana mezani utajitokeza. Ukiupima hadi pale weusi unapoishia, hupimi mdomo, unapima ukomavu, kwa sababu weusi huenea nyuma kadiri ngisi anavyokua.

### Statolithi

Piga picha kijiwe kikiwa kimelala kwa uso ule ule kila mara, pamoja na skeli. Kijiwe kilichoinama kidogo tu hufupisha upana. Kwenye picha pima urefu wote (kutoka juu ya kuba la juu hadi ncha ya chini), upana mkubwa, urefu wa kuba la juu, urefu wa kuba la ubavu, urefu na upana wa ncha, na urefu wa bawa. Bawa ni laini na huvunjika kwanza, kwa hiyo vipimo vyake vitakuwa na mapengo mengi.

### Nani apime

Mtu mmoja apime maeneo yote, kwa mpangilio uliochanganywa, bila kuona kichupa kimetoka wapi. Kama wapimaji ni wawili, kila mmoja apime sehemu ya kila eneo. Mpangilio wa "wewe pima A, mimi nipime B" unaharibu kazi nzima kwa siku moja.

## Hatua ya 7: Jipime na wewe

Chagua ngisi 30, wapime upya baada ya siku kadhaa bila kuangalia namba za mwanzo. Kwa kila kipimo linganisha tofauti kati ya kurudia mara mbili na tofauti kati ya ngisi na ngisi. Kipimo ambacho kosa lako linakaribia tofauti za asili kitupwe, hata kama kinapendwa na kila mtu. Mara nyingi vya kutupwa ni upana wa ncha na bawa: ni vifupi, na kosa la milimita 0.1 juu ya milimita 2 ni asilimia 5.

## Hatua ya 8: Tenga jinsia, soma umri

Jike na dume hawakui sawa. Kwa jamii ya *Ommastrephidae* majike kwa kawaida ndio wakubwa, ilhali kwa spishi nyingi za *Loliginidae* madume ndio huwazidi. Jaribu kila kipimo kwa jinsia ndani ya eneo moja. Tofauti ikionekana, endelea na hesabu mbili, moja ya majike na moja ya madume. Isipoonekana unaweza kuwaunganisha, mradi uwiano wa jinsia ufanane kati ya maeneo.

Kisha umri:

1. Yeyusha tone la gundi kwenye kioo, bandika kijiwe uso mmoja ukiwa juu.
2. Saga kwa msasa wenye maji, namba 1000 kwanza kisha 2500, ukiangalia kwenye hadubini kila baada ya mizunguko michache. Simama kiini kinapoanza kuonekana.
3. Pasha gundi, geuza kijiwe, saga upande wa pili.
4. Ng'arisha kwa unga wa alumina.
5. Hesabu pete kwa ukuzaji wa mara 400, kuanzia pete ya kuanguliwa hadi ukingo wa kuba la juu.

Kosa la kawaida ni kusaga kupita kiini. Ukishakipita hakirudi, na pete za mwanzo zimekwenda nazo. Hesabu mara mbili bila kuona hesabu ya kwanza. Zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10, rudia, na zisipokubaliana tena muondoe ngisi huyo.

Toa idadi ya pete kwenye tarehe ya kuvuliwa. Aliyevuliwa tarehe 20 Juni akiwa na pete 240 alianguliwa karibu tarehe 23 Oktoba ya mwaka uliotangulia. Mwenzake wa siku hiyo hiyo mwenye pete 150 alianguliwa karibu tarehe 21 Januari. Hao ni marika mawili ndani ya wavu mmoja.

Marika si jambo dogo. Katika Pasifiki ya Kaskazini *Ommastrephes bartramii* hugawanywa kwa msimu wa kuanguliwa, rika la vuli na rika la majira ya baridi na machipuo. *Illex argentinus* wa Atlantiki ya Kusini Magharibi nao hugawanywa kwa msimu na eneo la kutaga. Ukilinganisha maeneo bila kujua marika, waweza kuwa unalinganisha misimu. Linganisha rika moja katika maeneo mawili, au angalau onyesha kwamba mchanganyiko wa marika unafanana.

## Hatua ya 9: Ondoa ukubwa

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoamua.

Kugawanya kipimo kwa urefu wa kiwiliwili hakutoshi. Uwiano rahisi hudhani mdomo unakua sambamba na mwili, na mara nyingi haukui hivyo. Ngisi mkubwa hubaki na uwiano tofauti na mdogo wa kundi lake hilo hilo. Tumia kanuni hii:

Y* = Y × (L₀ ÷ L)ᵇ

Y ni kipimo ulichosoma, L ni urefu wa kiwiliwili wa ngisi huyo, L₀ ni urefu wa wastani wa ngisi wote, na b ni mteremko wa regresheni (mstari unaopitishwa katikati ya nukta) ya logarithimu ya Y juu ya logarithimu ya L.

Tuseme L₀ ni milimita 240 na b ni 0.9. Ngisi wa eneo A ana kiwiliwili cha milimita 200 na kofia ya milimita 5.0. Wa eneo B ana milimita 290 na kofia ya 7.0. Kwa macho, B ana mdomo mkubwa kwa asilimia 40. Sasa hesabu:

- A: 5.0 × (240 ÷ 200)^0.9 = 5.89
- B: 7.0 × (240 ÷ 290)^0.9 = 5.90

Tofauti imekwisha. Yote ilikuwa ukubwa.

Kabla ya kutumia b moja kwa wote, hakikisha miteremko ya maeneo inalingana. Kwenye R:

`m <- lm(log(Y) ~ log(L) * eneo, data = d)`
`anova(m)`

Mstari wa `log(L):eneo` ukionyesha tofauti ya wazi, b moja haifai kwa kipimo hicho. Midomo inakua kwa mwendo tofauti, na hilo lenyewe ni jambo la kuripoti, lakini usilifiche ndani ya kanuni. Mteremko ukilingana, chukua b kutoka `lm(log(Y) ~ log(L) + eneo)`. Ukiacha `eneo` nje, tofauti ya maeneo huingia ndani ya b na unaweza kuifuta ile ile unayoitafuta.

Dalili ya kufaulu: uhusiano wa kila Y* na L, ndani ya kila eneo, uko karibu na sifuri. Kama bado upo, rudi nyuma utafute ngisi mwenye namba iliyokosewa. Mara nyingi ni nukta ya desimali iliyohama.

## Hatua ya 10: Tenganisha, kisha jaribu kujikanusha

Tazama kwanza data kwa uchanganuzi wa viambajengo vikuu (PCA), unaofupisha vipimo vingi kuwa mihimili michache unayoweza kuichora. Huu hauambiwi nani ametoka wapi, kwa hiyo haujipendelei. Nukta zikijipanga kwa mpimaji au kwa tarehe badala ya eneo, tatizo umelipata bila gharama.

Halafu uchanganuzi wa utofautishaji (LDA), unaotafuta mchanganyiko wa vipimo unaotenganisha maeneo vizuri zaidi:

`library(MASS)`
`u <- lda(eneo ~ ., data = z, prior = c(0.5, 0.5), CV = TRUE)`
`table(z$eneo, u$class)`

Hapa `z` ina safu ya eneo na vipimo vilivyosahihishwa tu, na mfano ni wa maeneo mawili. `CV = TRUE` humtoa ngisi mmoja nje, hujenga kanuni kwa waliobaki, kisha humkisia yule aliyetolewa. Bila hiyo, programu inawatambua ngisi iliyokwisha kuwaona, na asilimia hupanda bila sababu.

Usichague kwanza vipimo "vizuri" kwa data yote ndipo uhakiki. Uchaguzi huo tayari umechungulia majibu. Chagua kwa sababu za hatua ya 7, au urudie uchaguzi ndani ya kila duru ya uhakiki.

Asilimia isomwe dhidi ya bahati. Maeneo mawili yenye ngisi sawa hutoa asilimia 50 kwa kubahatisha. Lakini kama eneo moja lina ngisi 80 na jingine 20, anayesema "wote ni A" anapata 80 bila kupima chochote. Tumia kapa: toa kiwango cha bahati kwenye kiwango ulichopata, gawanya kwa (1 − bahati). Ukipata asilimia 82 kwa makundi mawili sawa, kapa ni (0.82 − 0.50) ÷ 0.50 = 0.64. Mimi huiona hiyo kuwa tofauti ya kweli isiyokamilika, ambayo ndiyo hali ya kawaida kwa ngisi wanaohamahama. Asilimia 99 hunipeleka moja kwa moja kutafuta kosa.

Kisha changanya majina ya maeneo kwa nasibu, rudia hesabu yote mara 999, uone mara ngapi majina ya uongo yanafikia matokeo yako. Na kama una miaka miwili, jenga kanuni kwa mwaka wa kwanza na ukisie wa pili. Hakuna jaribio kali kuliko hilo, na ndilo linalokwepwa zaidi.

## Ukitaka kwenda mbali: umbo lenyewe

Vipimo vya mstari havioni mpindo. Kwa statolithi hasa, mzingo wake au nukta maalumu zilizowekwa kwenye picha hutoa habari zaidi. Weka nukta kwa programu ya tpsDig2, zilinganishe kwa njia ya Procrustes (inayoyahamisha, kuyazungusha na kuyalinganisha maumbo kwa ukubwa hadi yalale moja juu ya jingine) katika kifurushi cha geomorph cha R, na uhakiki kama hapo juu. Njia hii huondoa ukubwa wa picha, lakini haiondoi mabadiliko ya umbo yanayokuja na kukua. Bado lazima uweke ukubwa kwenye modeli. Wengi hudhani Procrustes imewamalizia kazi hiyo.

## Unachoweza kudai

Maumbo yakitofautiana baada ya yote haya, una haki ya kusema kwamba ngisi hao wameishi sehemu kubwa ya maisha yao katika mazingira tofauti bila kuchanganyika sana. Huwezi kusema wametengana kijenetiki. Joto na chakula hubadilisha mdomo na kijiwe ndani ya kizazi kimoja. Madai ya nasaba yanahitaji DNA, basi hifadhi kipande cha nyama ya kila ngisi kwenye ethanoli ya asilimia 96 siku ile ile ya kupasua.

Kinyume chake pia ni kweli: kutoona tofauti si uthibitisho wa kundi moja. *Dosidicus gigas* hugawanywa katika makundi matatu kwa ukubwa wa waliokomaa, na katika kazi kama hiyo, ukiondoa ukubwa bila kuangalia ukomavu unaweza kuondoa alama yenyewe. Linganisha wakomavu kwa wakomavu kabla ya kutumia kanuni ya hatua ya 9.

## Midomo isiyo na mwili

Wakati mwingine huna ngisi, una midomo tu iliyotolewa tumboni mwa mnyama aliyewala. Urefu wa kiwiliwili haupo. Tumia wastani wa kijiometri wa vipimo vya mdomo wenyewe mahali pa L, kwa vipimo vile vile kwa kila mdomo. Acha vipimo vya bawa na kingo za nyuma, kwa kuwa asidi ya tumbo huanza na sehemu zisizo na rangi. Jinsia na rika hutavijua, na mahali mnyama alipokufa si lazima pawe mahali alipomla ngisi. Usiandike eneo la kundi kwa kutegemea tumbo peke yake.